Upanga Uliong'aa Kupita Kiasi

Jumanne, 7 Juni

Tuna upanga! Wa kweli, wa jeshi, wa marehemu baba mkwe!

Fundi wa paa alikuwa darini akitafuta panapovuja. Mara akashuka kama aliyekutana na nyoka, furushi refu mkononi. Mama mkwe, Bi Kise, akaweka kando biringanya alizokuwa anatia chumvi, akasema taratibu kwamba ni yeye aliyeuficha, mwaka ule tulioshindwa vita, Wamarekani wakipita kukusanya silaha. Miaka yote hii nimelala chini yake! Mume wangu alisema "mh". Kwake hiyo ni hotuba.

Kituo cha polisi wakanieleza sheria. Upanga uliofuliwa kwa nyundo, kwa ufundi wa asili, unapewa karatasi ya usajili na unarudi nyumbani. Wa kiwandani unachukuliwa ukaharibiwe. Wakaguzi wa panga watakutana mjini Jumanne ijayo.

Bi Kise aliomba jambo moja tu: upate karatasi, ukae mbele ya picha ya mumewe, naye afe bila kujiona mwizi wa mali yake mwenyewe.

Nikampigia simu mwanangu Masanobu. (Sijisifu, lakini ndiye mtoto pekee wa mtaa huu anayefanya kazi benki, tena ghorofa ya juu.) Kisha nikampigia mama wa mchumba wake, wale wenye kiwanda cha sake, pombe ya mchele. Nikamwambia tuna upanga wa ukoo, wenye karatasi. Karatasi bado, lakini inakuja.

Alhamisi, 9 Juni

Kaja Hatsuyo wa nyumba ya pili. Kwao wana upanga kwenye kabati la kioo, na humwonyesha hata msoma mita ya gesi. Eti amekuja "kusaidia". Akasukuma kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, akauchomoa mpini, tukaona mkia wa upanga, ile sehemu inayozama ndani ya mpini. Kutu nyeusi tii. Na juu ya kutu, muhuri: kinyota kidogo.

Hatsuyo akapiga ulimi. Akasema pole shoga, muhuri ni alama ya kiwanda, huo hata hawatauangalia mara mbili. Akaongeza kwamba upanga wa kwao hauna muhuri wowote. Akanimalizia vitafunio vyote akaenda zake.

Kinyota! Kinyota kimoja kiniaibishe mbele ya watu wa sake?

Jumamosi, 11 Juni

Nimepata dawa. Sijui kwa nini nilihangaika.

Mimi nilisoma kidogo, lakini hapa Tsubame tunazaliwa tukijua kung'arisha chuma. Vijiko ninavyong'arisha vinatumika hadi nchi ambazo majina yake siwezi kuyatamka. Na gurudumu la kung'arishia liko hapo nyuma ya nyumba!

Bi Kise alipokwenda kliniki kwa ajili ya magoti, nikawasha. Kinyota kikatoka kama tongo la jicho. Lakini pale palipokuwa na nyota pakawa peupe na kwingine kutu, aibu tupu, kwa hiyo nikasafisha mkia wote. Halafu upanga wenyewe. Kando ya makali kulikuwa na ukungu mweupe, umejikunja kunja kama mawimbi. Madoa ya uzee, bila shaka. Nikayatoa.

Sasa naweza kujitazama humo nikichana nywele! Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi. Bi Kise nimemficha, nataka ashangae siku hiyohiyo ya karatasi.

Jumanne, 14 Juni

Mkaguzi mkuu ni mzee mwembamba mwenye miwani miwili. Alichomoa upanga, akavua mpini, akauinamia mkia. Akamwita mwenzake. Naye akauinamia. Nikasema kwa adabu kwamba kazi ni yangu mwenyewe.

Akauliza kama mkia ulikuwa na kutu. Nikasema tele, lakini asihofu. Akauliza kama kulikuwa na muhuri. Nikajibu kwa fahari kwamba kulikuwa na kinyota cha kiwandani, nimeshakiondoa.

Akavua miwani yote miwili. Akasema mama, ipo mihuri ya kiwandani, lakini nyota ile jeshi liliwapa tu mafundi waliofua kwa nyundo. Nyota ndiyo ingeusemea. Kutu ingesema umri wake. Na ule ukungu wa kando ya makali ungeonyesha ulivyochomwa na kuzamishwa majini. Akasema sasa unafanana na kijiko.

Kwa nukta moja nilidhani ananisifu.

Nikamwomba. Nikamwambia kuna bibi mzee nyumbani anangoja. Akaushika tena, akaugeuza dirishani muda mrefu sana. Akasema moyoni anaamini ulifuliwa kwa mkono, tena na fundi mzuri. Lakini anachoamini moyoni hawezi kukigongea muhuri.

Polisi wakauchukua. Wamenirudishia mpini na ala yake ya ngozi tu. Nimerudi na ala mapajani, nyepesi kama boga kavu.

Jumatano, 15 Juni

Nilimwambia baada ya supu. Nilitaka aninyeshee matusi, ningevumilia.

Bi Kise aliipokea ala, akaitikisa kidogo kama mtu anayesikiliza yai. Kisha akasema, "Nilikuwa nauficha Wamarekani wasiuone. Kumbe wa kufichwa asiuone ulikuwa wewe, mwanangu."

Bado aliniita mwanangu. Hapo ndipo nililia. Mume wangu alisema "mh" mara mbili.

Aliilaza ala mbele ya picha, akaketi hapo mpaka wali ukapoa. Nimeapa. Sigusi tena kitu cha watu. Sitaki hata kuliona gurudumu.

Ijumaa, 17 Juni

Mama wa mchumba kapiga simu, wana hamu na upanga. Nikasema upo kwa wataalamu (si uongo, polisi nao ni wataalamu) lakini ala yake wataiona. Akasema ala ya zamani nayo ni heshima kubwa. Umesikia, Hatsuyo?

Ila nimeiangalia leo kwa mwanga mzuri. Ngozi imefifia, shaba imeingia weusi. Na ndani ya mkunjo wa ngozi kuna mchirizi wa wino, mwandiko wa mtu, umechakaa hausomeki, unachafua tu. Nimemwona Bi Kise akipapasa hapohapo kwa kidole asubuhi hizi mbili, maskini, labda anajaribu kuutoa na nguvu hana.

Gurudumu siwashi, nimeapa. Ni kitambaa tu na sabuni kidogo, na yeye kesho ana kliniki. Nimemwalika na Hatsuyo aje aone mng'aro. Watu wa sake, Masanobu na mchumba wake, wote watakuwa hapa Jumapili, tarehe 19, saa tano asubuhi.