Rejeta ya Alumini na Mtungi wa Bibi

Nabeul, 11 Aprili 2023

Kwa Mjomba Lamjed, fundi wa rejeta, Sfax

Shikamoo Mjomba. Naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Bibi Mannoubia amenikataza kuyaandika.

Nashukuru kwa rejeta ya gari uliyonitumia ili ipoze kompyuta yangu. Inang'aa sana. Nasikitika kwamba lazima niilalamikie.

1. Rejeta yako ni ya alumini, lakini kibao kinachokaa juu ya prosesa ni cha shaba nyekundu. Mwalimu wa fizikia anasema metali hizi zikishiriki maji mamoja hugeuka betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Na kweli, maji yamefanya ungaunga mweupe. Bibi aliuliza nani kamwaga semolina humo.

2. Kijitabu cha kompyuta kinataka maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Nilipokuwa shuleni, Bibi alijaza maji ya maua ya mdanzi. Nilipomlalamikia akasema, "Haya nimeyakeneka kwa mkono wangu. Mama yako yalimshusha homa. Hiyo kompyuta yako ni nani hata isipone?" Nakiri chumba kilinukia harusi. Lakini mirija ikaota utelezi wa kijani na pampu ikaanza kukohoa. Bibi akaongeza maji yale yale, kwa ajili ya kikohozi.

3. Huu ni msimu wa maua. Mtungi wa Bibi wa kukenekea maua unachemka jikoni, chini kabisa ya chumba changu, na joto lote linapanda kwangu. Kompyuta inazimika kila punda wa katuni yangu anapoanza kuvuka barabara. Filamu inatakiwa kwenye mashindano mwisho wa mwezi, na ikishinda nitapelekwa Tunis kusomea katuni. Punda yuko na mguu mmoja hewani tangu Jumatano.

4. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uje na msumeno. Shaba ya kutosha katika nyumba hii ni ile ya mtungi wa Bibi na bomba lake. Yeye huutumia majuma machache tu kwa mwaka, mimi kompyuta naitumia kila siku. Ukiukata utengeneze rejeta, shaba itakaa na shaba kwa amani. Bibi anaweza kununua maji ya maua sokoni, kama wale majirani anaowaita wavivu. Akiona huzuni, nitamruhusu aweke maua juu ya kompyuta. Moto upo, bomba lipo, maji yanazunguka, sioni tofauti.

Msalimie mkaza mjomba Salwa, watoto, na mafundi wote wa gereji.

Mpwa wako mtiifu,
Yosr

Baada ya kusaini: Nimeshuka jikoni kupima mtungi ili usikate vibaya. Nilikwangua masizi kwa kijiko, na chini yake ni peupe. Ni alumini, Mjomba. Nikamuuliza Bibi ule wa shaba uko wapi. Hakuacha kupuliza moto. Alisema, "Niliuuza mwaka ule ulipolilia kompyuta. Usiitafute shaba huku. Iko juu, chumbani kwako."

Tafadhali usije na msumeno. Nijibu kwa gari la kwanza: huko Sfax kinapatikana kibao cha prosesa cha alumini, ili rejeta yako ibaki, na hiki changu cha shaba kirudi jikoni, japo kiwe kishikio cha kifuniko cha mtungi?