Fundi wa Makoti na Sifuri ya Kileleni

Sogeeni, enyi mpendao habari za mashujaa. Mwenye kigoda na akivute, mwenye kikohozi na akohoe sasa, kwani nikishaanza sipendi kukatizwa. Sitawasimulia wafalme, maana hao wana waandishi wao na wanawalisha vizuri. Nawasimulia Fundi wa Makoti, mwenye tepu ya kupimia shingoni, mvaa miwani ya kamba, tegemeo la wenye harusi na wenye misiba, mwana wa mshona magunia, ambaye akiwa na miaka hamsini na tisa aliondoka kitandani kabla ya jogoo, akauendea Mlima wa Moto, akauteka kwa miguu miwili, mmoja wenye goti bovu.

Na ili mjue uzito wa vita vile, yafaa kwanza niwaambie chanzo chake. Chanzo chake kilikuwa uongo.

Msimcheke bado. Ulikuwa uongo mdogo, wa kijana aliyependa. Miaka thelathini na moja kabla ya vita, alipokwenda kuposa, aliketishwa mbele ya baba mkwe, mpima ardhi mwenye macho makali na maneno machache, akaulizwa amefanya nini maishani zaidi ya kushona. Fundi akatazama dirishani, akauona mlima, na kabla akili haijauwahi ulimi akasema kwamba amewahi kuupanda hata juu, akaliona jua likichomoza. Mpima ardhi akauliza, huko juu kuna nini? Fundi akajibu kwamba kuna ziwa la buluu, na ndege weupe wameketi kandokando yake. Mzee akammiminia chai, na posa ikapokewa.

Uongo huo ukakua pamoja na watoto. Kila mwaka ziwa lilipanuka na ndege wakazidi, hata wateja waliokuja kupimwa mabega wakawa wanajua rangi ya midomo ya ndege hao. Mkewe alikuwa karani wa posta, mwanamke ambaye kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuwauliza watu kifurushi kina nini ndani. Jioni alimsaidia mumewe kutia vifungo, akilisikia ziwa likisimuliwa, wala hakuwahi kuuliza swali hata moja. Kisha akastaafu. Siku aliyorudi nyumbani na kikombe chake cha kazini na mto wa kiti, alisema kwamba hataki sherehe wala zawadi ya kufungwa kwa karatasi.

"Nipeleke pale ulipofika," akamwambia. "Na mimi nikalione hilo ziwa."

Kwa siku tisa Fundi alikata suruali fupi. Wateja walilalamika, naye akawaambia ndiyo mtindo. Jamani, hakuuogopa mlima. Mlima ni mawe tu. Aliogopa kwamba mwanamke huyo, aliyelala ubavuni pake miaka yote hiyo, atachungulia shimo lisilo na ziwa, kisha atamgeukia na kujiuliza ni mangapi mengine aliyoambiwa ambayo hayapo.

Lakini neno likishatoka halirudi, na siku ikafika. Tazameni sasa silaha zake. Alivaa koti la sufu alilolishona mwenyewe, lenye mifuko tisa, na ndani ya mifuko hiyo mlikuwa na mayai sita ya kuchemsha, chumvi ndani ya karatasi, chupa ya chai, sindano mbili na uzi mweusi, endapo mlima ungechanika. Mkuki wake ulikuwa mpini wa ufagio. Tochi ya kichwani aliivaa juu ya kofia, imeelekea juu, ikawa inamulika mawingu.

Usiku huo walilala katika kibanda cha wapandaji chini ya mlima, chumba chenye vitanda sita vya chuma na meza moja. Walikuwamo pia wauguzi wawili wasichana waliokuwa likizo, na wakati wa kula Fundi alikwisha kuwasimulia ziwa lote, maana mazoea yana taabu. Saa kumi alfajiri akaingia mwongozaji, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vilivyoshonwa mara tatu, ambaye watu wote wa mlimani humwita Mama Polepole. Kwanza akafungua daftari. Kila mpandaji aandike kazi yake, umri wake, na mara alizowahi kufika kileleni. Na atakayefika, akasema, atatia sahihi huko huko juu, kwa kalamu hiyo hiyo.

Wauguzi wakaandika sifuri na sifuri. Mke wa Fundi akaandika sifuri, kwa mwandiko ulionyooka wa posta. Kisha akashika tochi ili mumewe aone vizuri. Mkono wa Fundi, uliowahi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano ndani ya basi linalokwenda, ukaikosa safu mara mbili. Akaandika moja.

Mama Polepole akasoma, akainamisha kichwa kwa heshima, akauliza alipanda kwa upande gani.

"Upande wa juu," akasema Fundi.

Mama Polepole akalifunga daftari. Akawaamuru watoke mmoja mmoja, watembee kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji na kurudi, naye akawa anakunywa chai akitazama miguu yao, si nyuso zao. Walipomaliza akamnyooshea Fundi kidole, akamwambia wewe mzee utakuwa nyuma yangu, na asipite mtu mbele yako mpaka juu.

Hapo, wasikilizaji wangu, kifua cha Fundi kikajaa hata vifungo viwili vikalalamika. Katika kundi zima, lenye vijana na wenye magoti mazima, amechaguliwa yeye. Akasimika mpini wa ufagio ardhini, akanena:

"Mama Mwongozaji, umenitwika heshima nzito, nami nitaibeba. Walio nyuma yangu wasiwe na hofu. Penye mwamba nitakuwa ngao yao, na penye giza wafuate taa yangu."

"Vizuri," akasema Mama Polepole. "Usinikanyage visigino tu."

Wakaondoka. Nani atahesabu mapambano ya saa ile? Kulikuwa na vita vya kamba ya kiatu, iliyofunguka mara tatu na mara tatu ikafungwa. Kulikuwa na mzizi uliomvizia njiani, ukamwangusha kifudifudi, na yai moja likafa mfukoni. Kulikuwa na upepo ulioinyakua kofia yake, mpaka muuguzi mmoja akaidaka kwa mkono mmoja huku akipiga miayo. Fundi hakurudi nyuma. Kila alipopumua mlima mzima ulisikia, na kila baada ya hatua ishirini aliinua mkono kama jemadari, akatangaza kwamba jeshi lipumzike, kwa ajili ya wale wa nyuma. Wale wa nyuma walikuwa wanazungumza habari za zamu za hospitali na hata jasho hawakuwa nalo.

Hata wakafika chini ya mteremko wa mwisho, ambao hauna njia wala jani, ni kokoto nyeusi tupu zinazoporomoka chini ya kiatu. Ukipanda hatua mbili, unarudi moja. Mama Polepole akasimama, akasema hapa ndipo mtu husema kama anataka kurudi, maana mbele hakuna pa kupumzikia.

Fundi akaketi juu ya jiwe. Nami msimulizi wa habari hizi sitamficha: alishaanza kufungua kinywa. Goti lilikuwa bovu kweli, hapana ambaye angemlaumu. Angelitaja goti, wangerudi, na ziwa lingebaki limejaa mpaka siku ya kufa kwake. Akapumua, akangoja wenzake watangulie kidogo ili aaibike peke yake. Lakini hawakutangulia. Mama Polepole aliketi. Wauguzi wakaketi. Mkewe akaketi pia, amejikunyata kwa baridi. Fundi akauliza wanangoja nini.

"Tunakungoja wewe," akasema Mama Polepole. "Anayekaa nyuma yangu huwa ndiye mzito kuliko wote. Yeye ndiye anatupa mwendo, tusimwache. Akikaa, tunakaa. Akirudi, tunarudi sote, kwa sababu mwongozaji ni mmoja."

Fundi akageuka. Wauguzi walikuwa wakitazama viatu vyao. Mkewe alikuwa akichezea kifungo cha sweta lake, akijitahidi sana kutocheka. Kumbe ujemadari wote ule, tangu kwenye tangi la maji, ulikuwa ni uzito wa miguu. Akaona haya hata masikio yakapata joto, na kwa baridi ile hilo halikuwa jambo baya.

Lakini upande wa mashariki ulikuwa umeanza kupauka, na jua halimngoji mtu. Akamtazama tena mkewe akitetemeka. Mwanamke huyo alikuwa ameketi nyuma ya kioo cha posta miaka thelathini, ameomba kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa juu ya mteremko ule. Fundi akavua koti lake, pamoja na mayai matano yaliyosalia na chai, akamvika. Akasimama, akajikuta mwepesi.

Akatia mguu kwenye kokoto. Akapanda mbili, akarudi moja. Akapanda mbili, akarudi moja. Hapo akatambua kitu. Huu ulikuwa mshono wa kurudi nyuma, ule anaoushonea kwapa la koti, mbele mara mbili na nyuma mara moja, mshono uliozidi mingine yote kwa nguvu. Mshono huo ameushona maisha yake yote bila kulalamika. Basi akaacha kuutazama mlima, akawa anahesabu mishono. Wa nyuma wakamfuata, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyepumzishwa.

Hatua tatu kabla ya kilele Mama Polepole akajiweka kando. Ndiyo desturi yake. Yeye amekwisha kufika mara nyingi, husema, wa kwanza na awe mwingine. Hivyo ikawa, na iandikwe, kwamba wa kwanza kufika kileleni siku ile, mbele ya vijana na mbele ya wenye magoti mazima, alikuwa Fundi wa Makoti.

Akachungulia. Palikuwa na shimo kubwa la kijivu, na chini kabisa moshi mwembamba ukitoka, na harufu kama ya yai lile lililokufa mfukoni. Hapakuwa na tone la maji. Mkewe akafika, akasimama kando yake ndani ya lile koti, akachungulia kwa muda mrefu. 

"Baba," akauliza muuguzi mmoja, bila ubaya wowote, "lile ziwa liko wapi?"

Sasa sikieni, kwani hapa ndipo vita vyenyewe vilipo, na yote ya nyuma yalikuwa mazoezi. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Fundi, neno zuri, lisilo na mshono unaoonekana. Kwamba ziwa limekauka. Miaka thelathini na zaidi imepita, na maziwa hukauka. Nani angembishia? Wauguzi wangesikitika, ndege wangehamia kwingine, naye angeshuka na heshima yake yote. Alilishika neno lile mdomoni, akaligeuza, akalimeza.

Akaomba daftari. Akapiga magoti juu ya mawe, lile zima na lile bovu, akaikata ile moja yake kwa mstari, na hapo hapo akaandika sifuri. Aliiandika kubwa, akaipitia mara mbili kwa kalamu. Kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Mama watoto, mimi sijawahi kufika hapa. Ziwa nililitunga mbele ya baba yako, kwa hofu ya kukukosa. Hilo ndilo la uongo. Mengine yote niliyokuambia yapo."

Mkewe akachuchumaa karibu naye.

"Kifurushi hicho nilikijua siku ile ile," akasema. "Na baba alikijua kabla yangu. Mlima huu aliupima yeye, alilala wiki tatu hapa juu. Ulipotoka alicheka mpaka akalia. Akaniambia, mwanangu, huyu hajaupanda, lakini anavyoogopa kukukosa, ipo siku ataupanda. Basi nikawa nangoja."

Fundi akauliza mbona hakuwahi kusema. Mkewe akajibu kwamba alikuwa amewapenda wale ndege.

Walipoinua vichwa, jua lilikuwa limekwisha kutoka, liko juu ya mawingu, na wauguzi wanapigana picha. Kwa hiyo hata leo, na ukweli usemwe, Fundi wa Makoti hajawahi kuliona jua likichomoza juu ya Mlima wa Moto. Alikuwa ameinamia daftari. Wateja wakimuuliza lilikuwaje, huwaambia wamuulize mkewe, lakini hata yeye hakuliona, kwa kuwa alikuwa anamtazama mumewe.

Hii ndiyo sifa yake, nami naukata uzi hapa. Wako waliouteka mlima ule wakaacha bendera, na upepo ukazichukua. Lakini daftari la Mama Polepole lipo mezani katika kibanda chenye vitanda sita, na kwenye safu ya maelezo ameandika, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba mzee huyu alifika wa kwanza. Kandoni mwake, sifuri ya karani wa posta iko juu na sifuri ya fundi iko chini yake, zimenyooka kama vifungo viwili vya koti moja.