Kijaluba cha Bibi na Chokaa Iliyozidi

Jumatatu, 12 Mei 2025
Sijamwambia mtu. Siku ya arobaini ya Bibi, watu wakiwa kwenye khitma, nilikichukua kijaluba chake. Kile kikopo cha fedha cha kuwekea vya kutafuna: majani ya tambuu, popoo, katu na chokaa. Shangazi Twaiba anakitafuta hadi leo, maana Ijumaa ndiyo siku ya mirathi. Nami ninamsaidia kutafuta, mpaka uvunguni! Aibu. Lakini nikikifungua, Bibi yumo. Harufu ya karafuu na tumbaku kidogo.

Leo Mwalimu Kadzo amefundisha dalili za mmenyuko wa kikemia: rangi kubadilika, joto, mapovu, harufu mpya. Keshokutwa kila mmoja alete mfano kutoka nyumbani. Swabir kashajigamba: siki na magadi, povu mpaka darini. Mimi darasani hata jina langu hulitaja kwa kunong'ona. Nikaukumbuka mdomo wa Bibi. Jani la kijani, chokaa nyeupe, halafu wekundu! Sitahitaji kusema neno. Nitatafuna tu.

Jumanne, 13 Mei
Soko la Msambweni. Muuza tambuu akaniuliza, za Bibi? Nikasema ndiyo. Hajambo? Hajambo, nikasema. Akaniongezea majani mawili, nimpe salamu zake. Njia nzima nimetembea nazo.

Jumatano, 14 Mei
Povu la Swabir limelowesha kitabu cha mwalimu. Makofi. Zamu yangu. Nikafungua kijaluba, nikachota chokaa kidole kizima, nikaipaka kwenye jani lenye popoo, nikatafuna. Rangi ikaja! Joto nalo, Mola wangu! Ulimi unaungua. Nyekundu ikanichuruzika mpaka kwenye shati jeupe.

"Mwalimu, Subira anatapika damu!" Swabir huyo.

Mwalimu akaniuliza wapi panauma. Nikamtolea ulimi. Akampigia Shangazi simu.

Shangazi akaja mbio, ndara moja yake, moja ya ndugu yake, Ammi Mbarak. Akakiona kijaluba mezani. Akasema: "Ewe mtoto! Chokaa ni ya kugusia, wewe wapaka ukuta?" Akakifungua, akanusa. Akageuka kujifuta macho kwa leso. Nikadhani ataniachia. Wapi! Akasema haki ni haki, Ijumaa kitagawanywa na vingine.

Alhamisi, 15 Mei
Maafa. Ammi Mbarak ametangaza kuwa kikimwangukia yeye, atakiuza kwa watalii Diani. Bibi wangu, akatiwe majivu ya sigara!

Nina njia. Nimesoma kuwa yai la kuchemsha huigeuza fedha ikawa nyeusi. Kikiwa cheusi tii, nani atakitaka ila mimi? Shangazi alipoingia kusali alasiri nimekitoa kabatini mwake. Kitabu kimesema yai moja. Nimeweka sita, ili yakini iwepo. Nimeyaponda, nimekifukia humo, nimefunika bakuli, nimekaa kitandani kungoja.

Rangi bado. Lakini harufu! Harufu imeanza! Chumba kizima, sasa inapita chini ya mlango. Kumbe kemia ninaiweza.

Shangazi anauliza ni nini kimeoza. Ammi anasema choo. Shangazi anasema hapana, ni huku kwa Subira.

Ndara hizo. Zinakuja. Bakuli mvunguni, daftari chini ya m