Lita Tano Hadi Tala na Kurudi

Jumatatu, 17 Machi

Nimetukanwa na dada yangu, ndani ya nyumba yangu, akinywa chai yangu. Nthoki amekuja Donholm kupanga safari ya Jumamosi. Mwanawe, Muthama, anapeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa wazazi wa msichana, kule Tala. Wakipokelewa, msichana ni wetu mbele ya ukoo. Na katika familia yetu anayekabidhi kamba za mbuzi ni mjomba. Mjomba ni mimi. Nimengoja siku hii tangu Muthama akiwa wa kubebwa mgongoni.

Nthoki anasema mbuzi watabebwa na jirani yangu Wachira. Wachira wa Nyeri! Eti gari langu linakunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani.

Gari langu ni la mwaka tisini na tatu. Nililiita Debora, kama yule mwamuzi wa Israeli, kwa sababu hunihukumu kila nikifika kituo cha petroli. Lakini ni Debora wangu. Nikasikia mdomo wangu ukitangaza kwamba nitafika Tala na kurudi kwa lita tano.

Wachira alikuwapo. Huwa hakosi chai ikiiva. Alicheka hadi mandazi yakamkwama kooni. Akauliza kama nitakuwa nikisukuma.

Nthoki hakucheka. Alisema sawa, wabebe. Lakini saa saba mchana ikigonga kabla sijafika, Wachira atasimama mahali pangu kama mjomba. Nimeomba msamaha kwa kiburi changu. Ila neno likishatoka limetoka.

Jumanne, 18 Machi

Kwa fundi Mulongo, Shauri Moyo. Akafungua boneti, akachomoa filta ya hewa, akaipiga kwenye tairi. Vumbi lililotoka lingetosha kuotesha sukuma wiki. Akasema nibadilishe filta na plagi, nijaze tairi upepo wa kiasi, niache kukanyaga mafuta kama ninaua nyoka. Eti basi.

Eti basi! Ushauri ambao hata Wachira anaujua. Nikamwambia fundi, mimi nataka siri. Akafuta mikono kwa kitambaa. Akasema, mzee, kama unataka siri, punguza uzito.

Uzito! Kwa nini hakuanza na hapo? Filta nikairudisha ilivyokuwa.

Jumatano, 19 Machi

Nimetoa kiti cha nyuma. Nimetoa jeki, spana na gurudumu la akiba. Mbuzi watapata nafasi, na Debora amekuwa mwepesi kama binti. Sebule yetu sasa ina kiti kimoja zaidi, chenye mikanda.

Kisha nikafanya kosa. Nilimwambia mke wangu Kaluki, kwa upole kabisa, kwamba ingefaa asafiri na Wachira, maana kila kilo inakunywa petroli.

Akasema, "Baba Eve, hebu rudia."

Sikurudia. Ninaogopa Mungu, na baada ya Mungu ninamwogopa Kaluki. Lakini alikuwa amesikia. Chakula cha jioni hakikuonekana. Aliketi kwenye kiti cha Debora, akafunga mkanda, akatazama taarifa ya habari.

Hapo tumbo likinguruma nikapata wazo. Mimi mwenyewe ni kilo tisini na nne! Nimeanza kufunga. Maji tu hadi Jumamosi.

Alhamisi, 20 Machi

Ibada ya katikati ya juma. Chai ikapita, nikakataa. Maharagwe yakapita, nikafumba macho. Mchungaji Naftaly akauliza kama ninaumwa. Nikasema nimefunga. Akauliza ninafungia nini.

Hapa ndipo mtu mwaminifu angesema ukweli. Nilisema ninafungia ndoa ya Muthama. Si uongo hasa. Ni ukweli uliozungushwa.

Mchungaji alisimama akatangazia kanisa zima. Mama Mirriam wa kamati ya akina mama alilia. Wachira, mzee wa kanisa na rohoni mtu mbaya, alipiga makofi kuliko wote. Kisha Mchungaji akaniwekea mkono begani. "Ndugu Muasya, mzigo huu hutaubeba peke yako. Jumamosi ninasafiri nawe, ndani ya Debora."

Mchungaji Naftaly ana kilo mia na kumi. Bila Biblia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimejipima. Nimepungua kilo mbili. Nimeongeza mia na kumi. Hesabu si somo langu, lakini hii hata mimi naiona.

Nimejaza tairi upepo hadi zikalia kama ngoma. Tairi ngumu huteleza vizuri, hilo nilisoma kwenye simu. Nikaendesha hadi kituo cha petroli nikirushwa kama punje ya mahindi kikaangoni. Tangi lilikuwa tupu kabisa, nilihakikisha kwa kijiti. Lita tano. Mhudumu akauliza kama ni za jenereta.

Nilipofika nyumbani nikamkumbuka mjane wa Sarepta, ambaye chupa yake ya mafuta haikuisha. Nikaweka mkono juu ya tangi, nikaomba. Kisha nikakumbuka kwamba mjane yule hakuwa akishindana na jirani.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya safari. Wachira alitangulia na Nthoki, Muthama na Kaluki. Kaluki alinipungia mkono wa baridi.

Mimi nikafuata na Mchungaji mbele na mbuzi watatu nyuma. Madirisha yote nilifunga, kwa sababu upepo huongeza kazi ya injini. Jua la Kangundo Road, mbuzi watatu, madirisha yamefungwa. Sitaeleza zaidi. Mchungaji aliniuliza mara mbili kama kioo chake kimeharibika. Tulipofika Ruai alinunua mahindi ya kuchoma mawili akayala yote mawili, akinisifu kwa nguvu za kiroho.

Baada ya Kamulu nikaona mteremko. Siri ya mwisho! Nikazima injini ili tuteleze bure. Debora alinyamaza. Mchungaji akaacha kunisifu. Tulikwenda vizuri, tukaenda vizuri zaidi, kisha tukaenda vizuri kupita kiasi. Nikakanyaga breki. Ngumu kama jiwe! Kumbe injini ikizimwa, breki nazo hugoma. Mchungaji akaanza bonde la uvuli wa mauti kwa sauti kubwa, mbuzi wakaitikia. Kilichotuokoa ni kilima kilichofuata, ambacho Mungu alikiweka pale siku ya tatu ya uumbaji akinifikiria.

Saa sita na dakika kumi na tano, kilomita mbili kabla ya boma la wakwe, Debora alikohoa mara tatu akalala. Kijiti kikatoka kikavu.

Nilikaa pembeni ya barabara. Nilimwona Wachira akisimama mahali pangu. Nilimwona akikohoa kimzee, akikabidhi kamba zangu kwa lafudhi ya Nyeri. Nikamwambia Mchungaji ukweli wote. Kufunga, kilo, kila kitu. Alishika kamba ya mbuzi mmoja, akasema nimeshaungama, nisimame, mbuzi wana miguu.

Tukatembea. Mimi na suti, na njaa ya siku tatu, kamba mbili mkononi. Mchungaji na kamba moja na Biblia. Muthama alituona kwa mbali, akaja mbio akiita, "Mjomba! Mjomba!" Hakuniuliza gari liko wapi. Alinikumbatia hivyo hivyo nikinuka mbuzi. Saa saba kasoro dakika tano.

Mzee mwenye boma alisimama. Alisema siku hizi mbuzi huletwa kwa gari kama magunia ya simenti, na hajaona mjomba akileta mbuzi kwa miguu tangu aoe yeye. Akasema ukoo wenye mjomba wa namna hii, yeye amepokea. Wanawake wakapiga vigelegele! Kamba zilitoka mkononi mwangu, si mwa Wachira. Nthoki alifuta machozi. Kaluki aliniletea sahani ya muthokoi, imerundikwa, na akasema, "Kula, Baba Eve, kabla upepo haujakubeba."

Jumapili, 23 Machi

Nimetulia, nimeshiba, nimefanya hesabu upya.

Kwenda Tala: lita tano. Kurudi: Wachira alimfunga Debora kwa kamba nyuma ya gari lake, akatuvuta hadi Donholm akilalamika njia nzima. Petroli ya Debora iliyotumika kurudi: hakuna hata tone. Jumla, Tala na kurudi: lita tano. Kama nilivyosema!

Nilimwonyesha Kaluki karatasi. Alitoka chumbani akitikisa kichwa, nadhani kwa mshangao. Mulongo naye amepiga simu kuuliza kama nimebadilisha ile filta. Maskini, bado yuko kwenye mambo ya filta.

Baada ya ibada nilipita Gikomba kuulizia kamba ya meli, ile nene. Wachira anakwenda Embu wakati wa Pasaka. Nimemwambia kwamba hata sisi tuna safari ya huko.