Mtundulu Mweupe wa Didia

Jumatatu, 1 Desemba 1952

Nimegundua mmea! Naandika nikiwa bado nimesimama.

Bwana Majani ndiye sababu. Ndivyo tunavyomwita Mzungu aliyepanga karibu na ghala la pamba, anayeorodhesha vichaka vya pori kutoka Shinyanga hadi Geita na kuvikausha katikati ya magazeti. Ametangaza kwamba atakayemletea mmea pamoja na maelezo yake, jina lake litaandikwa kwenye karatasi ya mmea huo, na karatasi itatunzwa miaka mia na zaidi. Mwalimu Theonest ameshaandikwa mara mbili. Mara mbili! Kwa magugu!

Mimi nilitolewa Songea nina miaka sita, wakati wa vita vya zamani. Nilikuwa karani mgodini Geita. Hapa Didia nimekaa miaka kumi na minne, na bado naitwa yule Mngoni. Nataka karatasi moja tu duniani iseme: Donatus, wa Didia.

Mtundulu, kichaka chetu cha miiba, kila mtu anaujua. Ua lake lina rangi mbili, zambarau juu, njano chini. Lakini leo nyuma ya kisima nimeuona wenye weupe mahali pa zambarau! Weupe kabisa. Haumo katika kitabu chochote nilichosoma, na vitabu nimesoma.

Jumanne, 2 Desemba

Nimemaliza maelezo. Nayanakili hapa, yasije yakapotea.

Kichaka cha jamii ya kunde. Kimo futi nane hadi kumi na mbili. Gome la kijivu, lenye mipasuko ya kwenda juu. Miiba yake si miiba hasa, ni matawi mafupi yaliyochongoka, na mara nyingine huota majani. Majani madogo sana, yamepangwa pande mbili kama unyoya wa kanga. Ua laning'inia: nusu ya juu nyeupe, nusu ya chini njano. Maganda hujikunjakunja na kushikana kama nyuzi zilizochezewa na paka. Ng'ombe huyapenda.

Nimerudi kisimani kuhakikisha. Kichaka kilekile kilikuwa na maua matano mapya. Ya zambarau.

Nimeyachuma. Nimeyatia mfukoni. Huenda yaliletwa na upepo.

Jumatano, 3 Desemba

Bwana Majani ameyasoma maelezo yangu mara mbili. Akasema yameandikwa vizuri, ila kichaka kimoja chaweza kuwa ajali. Ili akubali, lazima ajue kinaota wapi kwingine. Je, kipo Geita? Buseresere? Ataondoka Ijumaa ya wiki ijayo.

Nimemkimbilia Stanslaus, dereva wa lori la chumvi, aliyekuwa akielekea hukohuko. Shikamoo, marahaba, nikamwomba aniletee matawi yenye maua meupe. Akauliza kama nimerogwa, maana yeye anabeba chumvi, na sasa abebe na miiba? Nikampa tumbaku yangu yote. Akasema miiba si mizito.

Ijumaa, 5 Desemba

Stanslaus amerudi! Mafungu mawili, moja la Geita, moja la Buseresere. Maua meupe yote! Yamesinyaa kidogo, lakini safari ni ndefu.

Ni ndefu kweli. Siku mbili, kwenda na kurudi? Sikuuliza. Tawi la Buseresere lilikuwa limefungwa kamba ya gome, fundo zuri sana. Nikamsifu kwa uangalifu wake. Akatazama chini.

Nimeandika vibandiko kwa mwandiko wangu wa ofisini.

Jumamosi, 6 Desemba

Ushindi! Bwana Majani amenipa chai na kiti chenye mgongo. Amechora ramani ndogo yenye nukta tatu: Didia, Geita, Buseresere. Nukta zangu! Mwalimu Theonest alikuwa amesimama mlangoni na gugu lake la tatu. Nilimkaribisha kana kwamba nyumba ni yangu.

Nikirudi nilisikia makelele kwa jirani yangu Mabula. Ng'ombe wa watu wameingia kwenye ngitili yake. Ngitili ni nyasi alizozifunga tangu mvua zilipoanza, zisiguswe mpaka kiangazi, wakati ng'ombe wake hawana kingine cha kula. Mtu ameng'oa matawi ya miiba yaliyoziba lango. Ng'ombe arobaini wamekula toka alfajiri.

Nikasema watu wa siku hizi hawana haya.

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya ibada nimekwenda kumpa pole Mabula. Mama yake, Bibi Mbuke, alikuwa anamlaani mwizi kwa sauti ya kufika Tinde. Alisema hata fisi huchagua cha kuiba, huyu ni mwizi gani wa kuiba miiba!

Nikainama kutazama lango. Matawi yaliyobaki ni ya mtundulu, yamekatwa wiki hii. Maua yake yamesinyaa. Meupe. Yamefungwa kwa kamba ya gome. Fundo zuri sana.

Niliondoka bila kuaga.

Nimemkuta Stanslaus chini ya lori lake. Alikiri bila kutoka chini. Lori liliharibika Tinde, Geita hakufika, sembuse Buseresere, na tumbaku alikuwa ameshaivuta, basi akang'oa ya langoni. Akasema mzee, mtundulu si ni mtundulu?

Mabula ameitisha dagashida, baraza la kijiji kizima, Jumanne. Ningeweza kwenda kwake leo nikasema. Hatua themanini tu. Sikwenda. Nimekaa nikisafisha kalamu.

Jumanne, 9 Desemba

Aibu. Sina neno jingine, lakini karani lazima aandike.

Dagashida ilijaa. Bwana Majani alialikwa kama mgeni, naye, maskini, akaja na karatasi zangu ili awaonyeshe watu maajabu ya nchi yao. Zikapita mkono kwa mkono. Zikamfikia Bibi Mbuke. Akaishika ile ya Buseresere, akaigeuza, akapapasa fundo la kamba.

Kisha akauliza kama huko Buseresere nako yupo Mabula mwingine, anayefunga fundo kwa mkono wa kushoto.

Watu wote wakanitazama. Hapo ningeweza kukiri. Badala yake nilisimama nikasema, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba huenda fundo hilo nalo limeenea kutoka Didia hadi Buseresere.

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mabula peke yake hakucheka. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba ua la mtundulu huanza zambarau na huzeeka kuwa jeupe, na likikatwa hupauka upesi zaidi. Akasema kila aliyewahi kuchunga anajua. Akauliza, Mngoni, kwa nini hukuniuliza?

Nikakiri yote. Hata yale maua matano. Faini: mbuzi mmoja wa kuliwa na baraza, na kuziba lango kwa mikono yangu. Ni haki. Lakini Agosti ng'ombe wa Mabula watakula nini? Hilo hakulisema. Bora angelisema.

Alhamisi, 11 Desemba

Siku ya pili langoni. Nimehesabu michomo hadi thelathini, nikaacha. Mchana Mabula alikuja, akashika upande wa pili wa tawi.

Jioni alikuja Bwana Majani. Amezitupa nukta zake mbili. Amesema maelezo yangu, isipokuwa ile rangi, ndiyo bora aliyopewa safari hii, na mtundulu wa kawaida naye anahitaji karatasi. Akaandika mbele yetu: Mtundulu. Didia. Mkusanyaji: Donatus, wa Didia. Akaniachia karatasi hadi asubuhi ili ninakili maelezo chini yake, na zambarau mahali pake.

Nilimsomea Mabula. Akasema haya basi, wa Didia, shika tawi.

Nimeisoma mara tisa. Sijawahi kuwa na furaha nisiyostahili kiasi hiki.

Ijumaa, 12 Desemba

Maelezo niliyamaliza mapema. Yalipendeza. Lakini baada ya jina langu palibaki nafasi, tupu, kama upana wa vidole vitatu. Karatasi yenye nafasi tupu haionekani kazi ya mtu makini. Nikaongeza neno moja: mgunduzi. Likaonekana peke yake. Nikaongeza: na mtaalamu.

Bwana Majani alisoma akiwa mguu mmoja ndani ya gari. Akavua miwani. Akaifuta. Akasoma tena. Alichukua karatasi mpya, akamgeukia Mwalimu Theonest, aliyekuja kuaga huku akijifukuzia nzi kwa tawi la mtundulu, akaliomba lile tawi. Akamwuliza jina lake linavyoandikwa, ingawa anajua.

Gari likaondoka. Mabula alikuwepo. Alitikisa kichwa, akarudi kwa ng'ombe wake.

Nimekaa mchana kutwa nikitafuta kosa langu lilikuwa wapi, kwa haki, bila kujionea huruma. Nimelipata. Ni wino. Ningetumia penseli, ningefuta.