Mkwe Anayehama na Mlima

Kijiji cha Mpheta,
Chini ya Mlima Nampeya.
Jumanne, Agosti.

Kwa Bwana Msowoya,
Meneja wa Machimbo ya Mawe ya Chokaa.

Kupitia kwa mshenga wako, Bwana Kapito, msimamizi wa zamu ya asubuhi.

Mkwe wetu mpendwa,

YAH: MWENENDO WAKO TANGU UOE KWETU

Pokea salamu za ukoo mzima. Sisi hatujambo, ukiacha kukohoa. Mimi ni Ethel, mama Tiyanjane, binti wa mwisho wa Abiti Mkwanda, yule mama ambaye nyumba yake ndiyo iliyo karibu kabisa na mashine yako ya kuponda mawe. Ukoo umenipa kazi hii kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na ninaandika saa hizi kwa sababu mtoto amelala. Akiamka utaona mwenyewe mahali barua ilipokatika.

Kilichotufanya tuandike ni hiki. Jumamosi vijana wako walipaka rangi nyekundu kwenye mwamba ulio juu ya chemchemi ya Nasawa. Rangi hiyo tunaijua. Hakuna mwamba uliopakwa ukamaliza mwezi. Na chini ya mwamba huo ndiko yanakotoka maji ya kijiji kizima, maana mengine ya karibu hatuna. Kwa hiyo kabla hujawasha baruti, tunaomba tuzungumze kifamilia, kwa kuwa wewe si mgeni hapa. Wewe ni mume wa mtu.

Huenda umesahau, kazi ni nyingi. Nikukumbushe. Siku ya kufungua machimbo ulikuja uwanjani kwa Mama Chifu, na Kapito nyuma yako amebeba jogoo mweupe. Baadaye sana ndipo tuliposikia kwamba jogoo alikuwa wa kwenda kuchinjwa juu, ili mizimu isiharibu mashine, na kwamba wazo lilikuwa la Kapito. Sisi hatukuambiwa. Sisi tuliona mwanaume aliyevaa suti amesimama mbele ya wajomba, mwenzake amemshikia jogoo, naye anaomba apewe mlima. Kwetu mtu akija hivyo anaoa, na Nampeya ni binti wa ukoo. Mjomba Lemani akakimbia kuleta kuku jike. Jogoo akaja kwetu, jike akaenda kwako, akina mama wakapiga vigelegele. Ukacheka, ukapigwa picha na yule kuku, ukashika kipaza sauti na kusema kwa kinywa chako: "Kuanzia leo mimi ni mkwe wa kijiji hiki."

Hakuna aliyekushikia panga. Ndoa ilifungwa mchana kweupe na jogoo tulimla. Sasa tunaomba upokee malalamiko yetu kama mtu mzima.

1. Hukuhamia. Kwetu mwanaume ndiye anayehamia kwa mke. Mume wangu mimi alitoka Mulanje na blanketi lake begani, na mpaka leo yupo, anaezeka paa la mama yangu bila kuulizwa. Wewe tulikungoja ukweni mpaka tukachoka. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba wewe ni wa kaskazini, na kwenu mwanaume hutoa ng'ombe akaondoka na mke wake. Hapo ndipo tulipoelewa yale malori. Kumbe unamhamisha mke! Unampeleka Blantyre kidogo kidogo, umefunika na turubai. Ulianza na kichwa, ukaja mabega, sasa upo kiunoni. Bwana Msowoya, hapa si kaskazini. Na hata hao ng'ombe hatujawaona.

2. Nyumba. Mkwe humjengea mama mkwe nyumba. Wewe unabomoa iliyopo. Kila baruti ikilia ukuta wa chumba cha mama yangu hupasuka zaidi, na ufa wake sasa unatosha kupitisha mkono na kumwazima jirani chumvi bila kutoka nje. Mume wangu huuziba kwa udongo Jumapili, wewe unauzibua Jumatatu. Juzi amenung'unika kwamba anafanya kazi ya wakwe wawili na sima anakula ya mmoja.

3. Adabu. Mkwe aliyelelewa akimwona mama mkwe njiani hupisha pembeni na kuangalia chini. Wewe umekata miti yote ya misuku ya upande wetu ukaitia kwenye tanuri la chokaa. Matunda tuliyokuwa tukiwaokotea watoto hayapo, kivuli hakipo, na kijana wako wa kile kijiko kikubwa akipanda kwenye kiti chake anaona mpaka ndani ya ua wetu wa kuogea. Abiti Mkwanda, mama wa watu, siku hizi anaoga na mwavuli. Kijana mwenyewe hana ubaya. Humpungia mkono. Hilo ndilo linalomuumiza mama zaidi.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Mama amesema hayo hayaandikwi kwa mkwe.

5. Mashemeji zako. Ndani ya pango la Nampeya walikuwa wakiishi popo, kwa dada yao, tangu babu zetu hawajazaliwa. Ulipolipua pango wakahamia kanisani, darini. Katekista wetu sasa anahubiri kofia kichwani, na wanaume waliokuwa wakisinzia wakati wa mahubiri hawasinzii tena, kwa hiyo kuna faida kidogo, sikatai. Lakini popo hao hawana amani, wengi wamekwenda zao kusikojulikana, na mbu waliokuwa wakiliwa nao kila jioni sasa wanatula sisi. Mume mwema hawafukuzi ndugu za mke.

6. Vumbi. Majani ya maboga tunayaosha kama nguo, na nguo tunazikung'uta kama magunia. Usipa, dagaa wa huku kwetu, tuliouanika juani tukiurudia tunaukuta umepakwa rangi nyeupe. Sima ilikuwa nyeupe tangu zamani, kwa hiyo hapo hatuwezi kujua tunakula nini. Nilipompeleka Tiyanjane kliniki, nesi alimtazama kope na nywele akaniuliza kama baba yake ana kinu cha unga. Tulicheka wote. Kisha akaweka sikio kwenye kifua cha mwanangu na akaacha kucheka. Bwana Msowoya, mimi ni mtu wa utani, lakini kikohozi cha mtoto wangu sikitanii. Nyunyiza maji barabara ya malori. Funika mashine. Wenzako wa machimbo mengine wanafanya hivyo, na mikono haijawakatika.

Samahani kwa mstari uliopinda hapo juu. Ilikuwa baruti yako ya mchana. Mtoto ameamka. Hata king'ora cha onyo hakimshtui tena, akikisikia tu anakunja uso akingoja kishindo, kama mzee anayengoja habari mbaya. Naendelea huku ananyonya, mkono mmoja, kwa hiyo usinilaumu kwa herufi.

7. Maji. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na nimeliacha mwisho ili ulisome ukiwa umeshaanza kuona haya. Ukilipua, Nasawa hutoa maji meupe kama ya kuoshea unga. Tunaweka ndoo kando tukingoja zitulie, na mtoto anangoja kuoga, na baba yake anangoja chai, na mimi nangoja wote waache kunitazama kana kwamba chokaa naitia mimi. Hayo tumeyazoea. Lakini mwamba uliopakwa Jumamosi ndio uliolifunika jicho lenyewe la chemchemi. Ukienda huo, maji hayatakuwa meupe wala meusi, hayatakuwapo. Mhandisi wako alipoulizwa alimjibu Mama Chifu kwa upole kwamba maji hayapotei, yatatafuta njia nyingine chini kwa chini. Mama Chifu akamwuliza, "Na mimi nitayafuata chini huko?" Mhandisi akatazama simu yake.

Haya yote tuliyapeleka kwanza kwa mshenga wako kwa mdomo, kama inavyotakiwa. Kapito alijikuna shingo akasema, "Mimi nilishika jogoo tu." Hivyo ndivyo kila mshenga anavyosema ndoa ikiharibika.

Kwa hiyo ukoo ulikaa, ukaamua. Kwanza, Jumamosi uhamie. Utapewa kibanda karibu na banda la mbuzi, jembe, na sehemu ya shamba la mama mkwe, na utaamka majogoo kama wakwe wengine. Pili, kwa kuwa wewe ulisema uliomba mlima kwa niaba ya kampuni, basi aliyeoa ni kampuni, na wenye kampuni wote ni wakwe zetu vilevile, pamoja na wale wanaokaa ng'ambo. Nao waje na majembe. Kama shamba halitoshi watapokezana. Tatu, lile tangazo lenu la barabarani lenye picha ya familia inayocheka mbele ya nyumba mpya liondolewe, kwa sababu hatuijui familia hiyo, na kama ni mke mwingine tulipaswa kuambiwa.

Usipokuja, tutaivunja ndoa mbele ya Mama Chifu. Utarudishiwa jogoo, mweupe kama yule, utachukua mashine zako na blanketi lako, kama ulikuja nalo, na utaondoka Nampeya siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Kilichobaki cha mlima kitarudi kwa mama zake. Mume wangu peke yake ndiye aliyepinga uamuzi huu. Alisema, "Mkianza kupima wakwe kwa kanuni, mkimmaliza huyo mtanigeukia mimi." Tumemtuliza. Yeye anazo alama nzuri.

Tusalimie mkeo wa huko kwenu, kama anazo habari. Wasalimie vijana wa baruti, hasa yule anayewahi kuja kuniambia, "Mama, mbebe mtoto, tunapiga sasa." Msalimie kijana wa kijiko, mwambie mama anaomba ageuze kiti. Msalimie mhandisi na simu yake. Na wewe mwenyewe ujitunze, uvae kitambaa puani, vumbi lile si zuri.

Ni mimi shemeji yako, kwa masikitiko na kwa mapenzi ya kifamilia,

Ethel, mama Tiyanjane,
kwa niaba ya ukoo.

Nyongeza. Kabla sijafunga bahasha nilimsomea mama yangu barua yote. Alisikiliza mpaka mwisho huku amempakata mjukuu, kisha akaniuliza, "Mume akifukuzwa, watoto hubaki kwa nani?"

Kwetu hubaki kwa mama. Hilo hata mtoto wa shule ya awali analijua, na mimi sikuwa nimelifikiria. Mama akanyoosha kidevu kuelekea mlimani. Lile shimo, Bwana Msowoya, ni mwanao. Na la nyuma yake, lililojaa maji ya mvua, ambalo kutwa tunawatoa watoto ukingoni mwake, nalo ni mwanao, na hayo madogo madogo yaliyotapakaa mpaka kwenye njia ya kanisani ni wanao. Ukiondoka Jumamosi utaondoka mwepesi kama ulivyokuja, sisi tutabaki tukilea mashimo yasiyo na baba. Mimi nina mmoja tu, na sikumbuki nililala lini.

Kwa hiyo futa yote niliyoandika kuhusu kuvunja ndoa. Hufukuzwi. Huruhusiwi kuondoka. Utakaa hapahapa ukirudisha udongo na kupanda misuku mpaka wa mwisho kati yao aweze kusimama bila wewe, na kwa jinsi ulivyowazaa wengi, utazeekea Mpheta.

Na mtu anayeishi Mpheta hunywa Nasawa. Mengine hakuna. Sasa amua mwenyewe kuhusu ule mwamba.