Antimaada na Wakwe wa Molo

Jumatatu, 1 Julai 1974
Ndugu yangu Karanja bado hajamtaja msemaji wetu wa Jumamosi, wakwe wakija kutoka Molo kuzungumza mahari ya binti yake Wamuyu. Binamu yetu Hiram anakohoakohoa, anasafisha koo kama mtu aliyekwisha chaguliwa. Hiram! Na yale mafumbo yake ya kumwita binti kondoo, ya tangu enzi za Mzungu! Mimi nitaleta jipya.

Jumanne, 2 Julai
Wamuyu anasoma fizikia chuo kikuu. Nimembana kwa maswali. Ati maada yote ina pacha wa kinyume, antimaada. Wakikutana wote wawili wanapotea, unabaki mwanga tu. Hapo mwanzo walikaribia kutoshana. Maada ikazidi kidogo, na hicho kidogo ndicho nyota, Ziwa Nakuru, na ankal wake mwenyewe, yaani mimi. Kwa nini ilizidi? Wataalamu hawajui. Hawajaniuliza! Darasa la nne niliacha kwa sababu mwalimu alikuwa ameanza kuniogopa.

Jumatano, 3 Julai
Duka la redio la Jagdish. Nimeomba antimaada, hata kipande. Amesema, mzee, hiyo ikiingia hapa hakuna duka, hakuna Nakuru. Anaficha mali! Nikamwambia niliwahi kuishika Burma, vitani. Akauliza mbona mkono bado uko. Nikasema ulikuwa wa kushoto. Akautazama wa kushoto. Wateja wakacheka. Wajinga.

Alhamisi, 4 Julai
Nimetatua! Maada ilizidi kwa sababu ilikuwa na msemaji mzuri. Nimemweleza Karanja mpaka chai ikapoa. Amekubali niseme mimi, mradi ninyamaze sasa. Wamuyu ameniomba nisitaje antimaada. Mtoto mnyenyekevu.

Jumamosi, 6 Julai
Nilisimama. Nikasema kwa fumbo, kama desturi: kijana wenu ni maada, binti yetu ni antimaada. Wakikutana, wote wawili wanapotea! Mzee wao Ngigi akauliza kwa upole, wanapotelea wapi. Nikamjibu, hakibaki hata kidole, mzee, ni mwanga tu. Mama wa kijana akaanza kulia. Ngigi akavaa kofia, akauliza kama hii ni laana au tumekataa tu. Wamuyu akafunika uso. Hiram akainuka, akasema ndugu yetu ana malaria, akaingia kwenye fumbo lake la kale la kondoo. Wakwe wakaketi. Wakacheka. Wakala.

Jumapili, 7 Julai
Karanja amesema siku ya harusi mimi nitakaa nyuma, na mbuzi. Hiram ndiye shujaa! Lakini nisingewapoteza, angewaokoa vipi?
Leo redioni wametaja shimo jeusi la angani. Kikiingia kitu, hakitoki tena. Fumbo safi kwa bibi harusi anayehamia kwa mumewe!
Nimeanza kukohoakohoa.